Deni la Matofali Ishirini na Tisa

Daftari la kwanza lina jalada la ngozi ya mbuzi,
pembe moja imeliwa na panya wa mwaka wa njaa.
Ndani, kwa wino uliogeuka rangi ya chai,
karani wetu wa kwanza, Rwabutomize, ameandika:
*Kila kaya matofali arobaini.
Asiye na tofali alete mikono.*

Ndivyo ghala la chama lilivyosimama Nyarurambi,
miaka minne kabla ya bendera,
udongo wa bondeni ukipandishwa kichwani
tuta baada ya tuta,
ukungu wa ziwa ukiwafika kiunoni.

Hatukuwa watu wa makuu. Tulipima viazi.
Tuligawana mbegu ya mtama, tukagombana juu ya mizani.
Upo ukurasa mzima kuhusu jembe la Bitarabeho
lililoazimwa Machi likarudi bila mpini.
Faini: debe la pombe ya mtama,
ambalo kamati, imeandikwa, ililinywa "ili kufunga kesi."

Lakini kwenye boriti, tangu siku ya kwanza,
ilining'inia engozi,
machela ya mianzi na fito, imesukwa
kama kikapu kilichokusudiwa mtu.
Mgonjwa akizidiwa, filimbi ililia mlimani,
majembe yakaachwa yamesimama shambani peke yao.
Wanne begani, wanne nyuma wakingoja zamu,
mwanamke mmoja mbele na taa,
saa nne za mteremko mpaka hospitali ya Kabale.
Hakuna aliyeulizwa kanisa lake.
Aliyekwepa zamu aliandikwa jina.
Aliyekwepa mara mbili, jina lilisomwa mbele ya mkewe.

Mwaka wa vita askari walichukua mabati,
wakachukua mizani, wakachukua hata filimbi.
Daftari lilikuwa ndani ya mzinga wa nyuki wa Komuhendo.
Nani angethubutu?
Ukurasa wa mwaka ule una mstari mmoja na doa la nta:
*Tumebeba watu kumi na saba. Viazi hatukubeba.*

Kisha zikaja bodaboda.
Vijana wakasema engozi ishushwe, ni kuni tu.
Kura zikapigwa, zikalingana,
nayo ikabaki juu, si kwa heshima,
kwa uvivu wa kutafuta ngazi.

Mpaka Mei ile mlima ulipoteleza,
barabara ikashuka bondeni pamoja na migomba ya watu,
pikipiki zimezama matopeni mpaka kwenye taa,
na Kyarisiima, binti wa fundi cherehani,
uchungu umemshika.

Ngazi ikapatikana.

Nilikuwa bega la nyuma, kushoto. Mvua ilinijaa mdomoni.
Kwenye pumziko la tatu wanawake wakatufukuza;
tukageuka kulitazama ziwa tusiloliona,
mpaka tukasikia sauti ambayo haikuwa ya Kyarisiima.
Usiku ule niliandika, mkono ukitetemeka:
*Tumeinua mmoja. Tumefikisha wawili.*

Sasa kalamu ni yangu. Wanataka yote yahamie kwenye simu.
Nahamisha, polepole,
isipokuwa mstari mmoja wa ukurasa wa pili:
*Nyinabarongo, mjane. Ameleta 11. Deni 29.*
Ni bibi yangu.
Chama hiki kilimbeba akiwa mgonjwa, kikamzika,
na hakuna karani aliyelifuta.

Mwaka jana nilikodi gari,
nikaleta ishirini na tisa, ya kuchoma, mekundu, mazuri.
Mwenyekiti hakuyahesabu.
Alinishika mkono mpaka ukuta wa mashariki.
Pale matofali yake yalipokosekana waliacha pengo,
wakalitia fremu.
Ndilo dirisha. Mizani iko chini yake
kwa kuwa ndipo penye mwanga,
na kila mtu wa mlima huu, miaka sitini,
amesomea hapo uzito wa jasho lake.

"Ukilipa," akaniuliza, "tutapimia wapi?"

Matofali yangu yako nje, yanaota kuvu.
Kuku wa jirani hutaga katikati yake.