Godoro la Sitini na Nne

Umeme umekatika Segerea tangu magharibi,
nami nahesabu ukoo kwa tochi ya simu.

Kaunta buku hili lilikuwa la madeni ya genge.
Kurasa za mbele bado zina nyanya za watu,
mafuta ya kupima, *mama Jeni atalipa Ijumaa*.
Kuanzia katikati nimeandika: MATEMA, DESEMBA.
Safu ya kwanza majina, ya pili magodoro,
ya tatu ahadi,
ya nne kilichofika kweli.

Safu ya nne haichoshi kusoma.

Kaka Gwakisa kaahidi laki tatu
kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita,
nyuma yake kreti za bia zikishushwa.
Akatuma elfu ishirini. Ya kutolea hakuweka.
Tusekile wa Kigamboni atakuja
iwapo Ambokile haji.
Ambokile alilipa kabla ya wote
na kila asubuhi anauliza kama Tusekile amelipa.
Ni kiwanja. Miaka kumi na mmoja sasa,
hakijaota hata mchicha.
Nimewapa nyumba mbili za mwisho, huku na huku,
na katikati nimemwaga watoto kumi na wanne
kama mchanga wa kuzimia moto.

Wa Mbagala wanataka basi la kukodi.
Wa Goba wanataka treni: ndizi za Mlimba dirishani,
"na ikichelewa siku nzima, ndiyo sherehe yenyewe."
Shemeji Lyimo anadai risiti
ya pesa ambayo hajatoa.
Vijana wameuliza kama ziwani kuna mtandao.
Nimewajibu kuna milima.

Saa mbili usiku akapiga Mwaipopo, mwenye nyumba za wageni.
Nyuma yake maji yalikuwa yanapiga kokoto,
nikanyamaza kidogo ili niyasikie.
"Mko wangapi hasa, dada? Nipe hesabu,
usinipe matumaini."
Nikasema: sitini na watatu.

Mama, aliyekuwa anachambua mchele gizani,
kwa vidole tu, hakuinua uso.
"Sitini na wanne."

Nikamwambia Mwaipopo nitampigia.
Nikarudia ukurasa kwa ukurasa.
"Kama ni huyo wa Subilaga, bado yuko tumboni.
Hahitaji godoro."
"Simsemi huyo. Umemruka Anyosisye."

Mjomba Anyosisye.
Alikwenda Kitwe mwaka wa sabini na tisa na begi la bluu.
Zikaja barua mbili, na picha moja
ameweka mguu kwenye bampa la gari la mtu.
Kisha basi.
Mimi sikuwa nimezaliwa. Namjua kwa masikio yake,
maana Gwakisa ndiye anayatumia.

"Mama, godoro ni elfu kumi na tano kwa usiku,
na usiku ni nne."
"Hesabu nilikufundisha mimi."
"Na chakula?"
Ungo ukatulia.
"Kambare hali. Mwambie huyo mtu,
kambare hali."

Nikapiga. "Sitini na wanne," nikasema.
"Mmoja hali kambare."
"Anakula nini?"
Nikamgeukia Mama.
"Mbasa," akasema, haraka,
kama mtu aliyeulizwa jambo la jana.
"Wa kuchoma. Asitiwe limau."
Nikamfikishia.
Maji yakapiga kokoto mara tatu, nne.
"Limau," akasema Mwaipopo, "nitaweka pembeni.
Atakayetaka atajikamulia."

Umeme umerudi. Feni imeshtuka,
televisheni ya jirani imeendelea na ugomvi wake,
na mimi nauona mwandiko wangu ulivyopinda gizani:
Anyosisye. Godoro moja.
Safu ya ahadi nimechora kistari.
Ya nne nimeiacha wazi;
hata ya Gwakisa iko wazi karibu yote,
na hakuna anayesema Gwakisa haji.

Mama ameenda kulala. Mchele umebaki ungoni,
mweupe, hauna hata jiwe.

Kesho nimpigie Gwakisa. Ile ya kutolea.