Kifungo

Kazi yangu klabuni ni ndogo: nahesabu "eee."
Kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, hapa Łódź,
ghorofa ya juu ya kituo cha zimamoto,
naketi kando ya bomba la joto,
gilasi mbele yangu, kopo la vifungo mapajani.
Msemaji akisita, akivuta "eee,"
nadondosha kimoja: ting.
Hakuna anayenuna. Tuliipigia kura kanuni hiyo.

Vifungo vyenyewe ni vya kiwandani.
Miaka thelathini na mmoja nilishona makoti
ya watu nisiowajua,
cherehani mia mbili zikinguruma,
tukisemezana kwa midomo na nyusi.
Kiwanda kilipofungwa nikatoka na kopo hili
na sauti nisiyojua niipeleke wapi.

Hotuba yangu ya kwanza ilihusu supu ya viazisukari.
Nilipewa dakika nne; nilimaliza kwa sekunde arobaini,
nimeikamata meza kama aliye juu ya ngazi.
Thủy, anayeuza tambi pale sokoni,
alipiga makofi peke yake, kwa muda mrefu,
kisha akaniuliza: na chumvi, unatia lini?
Tukaongea mpaka kituo cha tramu.

Novemba akaja Ireneusz, fundi wa lifti,
mikono inanuka grisi, macho sakafuni.
Vifungo kumi na kimoja
kabla hajafika kwenye jina la ukoo.
Nilijionea haya kwa kila ting.
Nikasema moyoni, huyu hatarudi.
Alhamisi iliyofuata alifika wa kwanza, akapanga viti.

Mara moja king'ora kililia katikati ya sentensi yake,
magari yakatoka chini yetu, madirisha yakatetemeka,
naye akatabasamu kama aliyesamehewa deni.
Kazik, mzimamoto mstaafu, mshika taa zetu,
kijani, manjano, nyekundu,
akarudisha saa nyuma. "Dakika zako zipo palepale."

Kisha Februari, theluji imegeuka tope,
akasimama bila karatasi.

Alisema: kule Retkinia lifti ilikwama,
kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
umeme hakuna, na ndani mtoto wa kike, miaka tisa.
Mimi nipo juu yake, eee, shimoni, na tochi.
Breki haikubali. Mtoto analia.
Sikuwa na la kumwambia,
basi nikamwambia yote.
Jina langu. Bei ya nyaya. Habari zenu, eee,
za supu ya mama mmoja wa Alhamisi.
Saa nzima na robo.
Mlango ulipofunguka, akaniambia:
"Ukinyamaza niliogopa.
Ukisema 'eee' nilijua bado upo, unatafuta."

Taa nyekundu ilikuwa imewaka zamani.
Kazik mwenyewe hakuiangalia.
Na mimi, mkono wangu umo ndani ya kopo,
vidole vimeshika kifungo, havikiachii.
Kila kimoja kati ya hivi, nikawaza,
ni kifungo cha sekunde moja:
mtu amefungwa na neno ambalo halijafika,
nasi nje ya mlango, tunahesabu.

Sitawadanganya, kanuni haikufutwa.
Ludmiła wa ofisi ya kodi alisimama baada yake
akapata saba, akadai ni sita.

Lakini wakati wa chai nilimwona Ireneusz
anavuta koti lake lifunike kifua;
kifungo cha pili kutoka juu hakipo.
Nikapekua kopo mpaka chini kabisa:
cheusi, matundu manne, cha koti la kiume.
"Usilivue," nikamwambia. "Simama tu."
Nikatia uzi, karibu na kidevu chake.

Alivuta pumzi. "Eee," akasema.
Sindano ilikuwa mdomoni mwangu,
nikamjibu kwa nyusi,
kama zamani: nipo, endelea.