Saa Moja ya Rusumo

Pale Rusumo, darajani, niliibiwa saa moja.
Hakuna aliyenitia mkono mfukoni:
afisa aligonga muhuri, akasema karibu,
na saa nne ikawa saa tano
kabla sijafunga zipu ya begi.

Hasara hiyo nimeiandika. Nyingine sitaki.
Kwa hiyo alipokuja Mihayo na funguo zake kumi na moja,
dalali mwenye jina la maneno na kinywa cha kufuli,
sikumuuliza vyumba vingapi, wala kama kuna dari.
"Niko natafuta nyumba," nikasema,
"yenye haiko mbali na Bugando."
Akacheka mpaka funguo zikalia.
"Dada, hicho Kiswahili kimetoka wapi?"
Bukavu, nikamwambia, na kinalipa kodi kama chako.

Buhongwa kwanza.
Ua mpana, mpera, bomba lisilokauka hata Jumatano,
na bei ya kumfanya mtu aulize kuna nini.
Nikasimama jikoni nikajiona:
saa kumi na nusu alfajiri, natafuta kiatu cha pili
kwa tochi ya simu, mwaka hadi mwaka,
na mapera yanaiva, yanaliwa na popo.
Nikamrudishia ufunguo.

Kamanga, ng'ambo ya ghuba, nilikwenda peke yangu.
Nusu saa kivukoni, kati ya ng'ombe wawili na magunia ya mihogo,
upepo ukanipangusa uso bila kuniuliza uraia.
Nikasema: hii siyo njia ya kazini, hii ni likizo.
Kidogo nilipe.
Ila wodi ya njiti haijui
chombo cha mwisho kimeng'oa saa ngapi;
mtoto wa gramu mia tisa hangoji mawimbi yatulie.
Nikarudi na harufu ya dizeli kwenye kitenge,
mnyonge, kama niliyeachwa na mchumba wa siku moja.

Isamilo tuliipita tu. Hata Mihayo hakupunguza mwendo.

Basi, Mabatini. Mawe.
Mawe juu ya mawe, utadhani kuna mtu alikuwa anahama
akatua mzigo apumzike, asirudi kuuchukua.
Ngazi mia moja arobaini na tatu. Nilizihesabu mara mbili;
ya tisini na sita imevunjika.
Chumba cha Bi Nyanzala kina kuta tatu za tofali,
na wa nne ni jiwe lenyewe.
"Hili hatukulijenga," akasema, akilipigapiga kama shingo ya ng'ombe,
"tulilikuta, likatukubali."
Ndoo ya maji mia tano hadi mlangoni.
Kodi ya miezi sita mkononi; wa saba ni wa Mihayo.
Ziwa halionekani. Linanuka tu,
dagaa wakianikwa mahali fulani huko chini.

Nikatoka, macho kwenye saa.
Ngazi, mfereji, fundi cherehani, kona ya vitumbua,
kisha kile kilima cha hospitali kinachokata pumzi:
dakika kumi na tisa.
Kurudi, kumi na nne.
Nikamwambia Bi Nyanzala, andika.

Wenzangu wa zamu wananihurumia magoti.
Hawakosei. Masika haya nimeteleza,
nikavunja chupa ya chai, nikakaa palepale
kwenye ngazi ya tisini na sita
nikilitukana jiwe kwa Kimashi.

Lakini usiku jiwe hurudisha joto lililokopa mchana,
polepole, kama mdaiwa mwaminifu,
nami hulala nimelipa mgongo.
Na saa kumi na mbili, wa Buhongwa wakiwa barabarani kitambo,
mimi nimeketi mlangoni na kikombe.
Mama anapiga. Kwake ni saa kumi na moja,
anapuliza makaa ya mbabula gizani.
"Kazi yako iko mbali?"
Namwambia ngoja, sikiliza,
nainua simu kuelekea kilimani,
jenereta ya hospitali inakohoa.
"Umesikia? Ndiyo hiyo."

Halafu tunanyamaza wote wawili,
na hakuna anayekata.