Mgeni wa Mwezi wa Sita

Umerudi.
Shavu la kushoto kwanza, kawaida yako,
kisha juu ya mdomo, pale wateja wanapodhani
nimesahau kupangusa kahawa.

Mara ya kwanza ulikuja na mimba ya Zviadi.
Mama mkwe akasema: litatoka na kondo la nyuma.
Zviadi sasa ananyoa ndevu.

Mgeni, siku ya tatu, hupewa jembe.
Mimi nilikupa limau. Nikakupa magadi.
Nikakupa kikopo kisicho na jina, cha soko la Kutaisi,
kikanichubua wiki mbili, ukaondoka,
nami nikajichekea kwenye kioo cha kinyozi.
Ukarudi na ndugu zako.

Nikajitanda mtandio, nikavaa kofia ya marehemu baba mkwe,
nikapita kivulini ubavu ubavu kama mdaiwa.
Jua halikuniona mwaka mzima.
Ukarudi.

Daktari Tsiala hakuuliza ninakula nini.
Aliuliza: "Makovu haya ya mikononi?"
Tanuri, nikamwambia. Tanuri la udongo, lenye kina cha kisima;
nainama humo hadi kifuani, mara mia kwa siku,
nikibandika kinyunya ukutani mwake.
Akaiweka kalamu chini.
"Nazibrola, jua la juu umelikimbia,
la chini unalibusu."

Kumbe ngozi haiulizi moto jina.
Joto likipiga hodi, rangi huamka kule chini
ikapanda
kama maziwa jikoni ukiyapa kisogo.

Hakuahidi kukufukuza. Hapo ndipo nilipomwamini.
Dawa ya usiku, kiasi cha punje ya dengu.
Ya asubuhi, nzito, rangi ya udongo, hata mvua ikinyesha.
Feni mlangoni. Kikopo kile, jalalani.
Na miezi, alisema, usinihesabie wiki.

Siku hizi zamu ya mchana ni ya Zviadi.
Mikate yake kumi ya kwanza huungua;
wateja huinunua hivyohivyo, wakimtania.

Na wewe umerudi, ndiyo, nimekuona,
ila safari hii umekuja umefifia,
kama mtu aliyebisha nyumba akasahau alichofuata.
Sikuamkii, sikutukani.
Nakupaka, nanawa mikono,
naenda kupima unga.