Juu ya Mto

Dada Kabula alirudi na magamba ya sangara
yamemnata kwenye kiwiko,
akakaa kando ya mkeka wetu, Mabatini,
akaendelea pale alipoishia jana:
ziwa limechafuka, wavuvi wanalia,
na Yesu amelala juu ya mto.

"Mto gani?" nikauliza.
Hakucheka.
"Mirongo. Kesho nenda ukatazame."

Nikaenda, kabla ya uji.
Maji ya rangi ya chai, ndala moja,
chupa za plastiki zikisukumana chini ya daraja.
Nikamtafuta hadi mto unapoingia ziwani,
nikiita kwa sauti ndogo, nisimshtue.

"Hayupo," nilimwambia jioni.
Dada akapangusa kisu kwenye kanga.
"Basi ameamka."

Usiku ule mvua iliyapiga mabati
kama inadai kodi.
Maji yakashuka mlimani kati ya mawe,
yakatuingilia mlangoni.
Mimi nililala. Mmoja yuko macho,
wawili wa nini?

Miaka ikapita. Darasa la kipaimara
katekista Lugembe akaeleza: mto ule ni wa kulalia,
wenye foronya.
Wenzangu walicheka.
Nikaandika kwenye daftari, nikapewa vema.

Lakini Minza, mwanangu, akiniuliza mto gani,
na nje radi inatembea juu ya ziwa,
sikimbilii foronya.
Namfunika miguu.
Namwambia: kesho twende,
mapema,
kabla ya uji.