Herufi za Saa Kumi na Mbili

Wamebadilisha tena.
Jioni, saa kumi na mbili kamili, hapa Launceston,
dunia ya kioo inaruka kutoka kushoto,
inajizungusha mara tatu kama sarafu ya mcheza kamari,
ngoma zinapigwa utadhani mfalme amekufa,
kisha Imelda Trethewie anatokea, amesimama
(siku hizi hawakai)
kutuambia kwamba daraja la Mtaa wa Charles litapakwa rangi.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango.
Mikate, bucha, boti za kukodi, madaktari wa meno:
miaka thelathini na moja na brashi ya manyoya ya kindi.
Sina cheti cha televisheni. Nina macho.

Meza ya zamani ilikuwa meza.
Mbao za msonobari wa kwetu, ukingo umelika
pale mtangazaji wa michezo alipozoea kugonga kalamu.
Hii mpya ni kipande cha barafu chenye taa ndani,
haina droo, haina miguu,
huwezi kuiwekea kikombe bila kuonekana mhuni.
Nyuma yake ukuta mzima wa skrini,
na mji wetu umepigwa picha usiku, ukasafishwa
hadi mto ukawa buluu.
Mto wetu! Wenye rangi ya chai ya maziwa tangu kuumbwa.

Nyekundu sina ugomvi nayo.
Lakini nyekundu ni pilipili, haimwagwi kwenye uji.
HABARI ZA HIVI PUNDE: ng'ombe kaingia uwanja wa gofu.
HABARI ZA HIVI PUNDE: ng'ombe katoka.
Siku nyumba ya akina Fazackerley ilipoungua na mtu ndani
utepe ulikuwa uleule, ngoma zilezile.

Ila herufi. Hapo ndipo waliponishika koo.
Nyembamba kama mifupa ya dagaa,
nyeupe juu ya samawati hafifu,
zinateleza kabla jicho halijatua.
Aliyezichora ana miaka ishirini, macho ya mwewe,
na, nadhani, hana mama.

Mimi ninaye. Merle, themanini na nane.
Masikio aliyaacha kwenye mashine za kiwanda cha sufu;
habari huzisoma, hazisikii.
Juma la kwanza simu yangu ikatetemeka,
saa kumi na mbili na dakika nne:
WAMEANDIKA NINI PALE CHINI
Bila alama ya kuuliza. Mama hapotezi wino.
BEI YA MAZIWA IMESHUKA, nikajibu.
NANI KASEMA
WAZIRI.
MWONGO. TAI IMEPINDA

Tukaendelea. Majira yote ya baridi tukaendelea.
Akaniambia pazia gani lingeufaa ule ukuta,
na kwamba Imelda anaumwa miguu, tazama anavyoegemea,
na kwamba marehemu baba kila usiku
alikuwa akiiaga skrini, "Lala salama, bibie,"
na yeye, kwenye kiti cha pili, hakuagwa.
Hilo sikuwahi kulijua.
Lilikuja katikati ya habari za kriketi.

Na mimi, mpumbavu, nilikwisha andika barua.
Kurasa mbili, kwa mkono, na mfano nimeuchora
jinsi tumbo la "a" linavyotakiwa kupumua.
Sijui kama ni barua yangu au za wengine.
Septemba zikaongezwa unene,
zikawekewa kivuli cheusi, zikafundishwa kutulia.
Kazi safi. Nasema kama fundi: kazi safi.

Leo siku ya tisa.
Saa kumi na mbili na dakika nne, kisha na tano.
Dunia ya kioo imeshatua, Imelda ameegemea.
Chini, herufi nene, wazi kama bango la bucha.
Simu iko juu ya goti langu, kimya.
Naichukua, naandika:

WAMEANDIKA NINI PALE CHINI

MVUA, anajibu. NUNUA MIWANI