Maji Yaliyotundikwa

Tulipanda Nguu Tatu Ijumaa, baada ya alasiri,
mimi, binti yangu Mwanashee, na Chengo wa machimboni,
na turubai la kufunikia saruji, ndilo hema,
mishipi mitatu, unga wa sima, chumvi robo,
na dumu tupu la lita ishirini
ambalo sikusema ni la nini.

Mlima? Atacheka mtu wa Taita.
Lakini sisi wa Kongowea, palipo bapa kama sinia,
chochote kitutoacho pumzi ni mlima,
na hiki kilitutoa mara mbili.

Nyanyake alitusuta tangu kizingitini:
"Samaki asiyeonja chumvi tangu azaliwe,
huyo ni samaki au ni mboga?"

Bwawa lilijificha nyuma ya michongoma,
upande mmoja kijani kibichi,
upande wa pili mbingu, na nguzo ya umeme kichwa chini.
Mwanashee akatua kifurushi, akaduwaa.
"Baba, nani aliyeyatundika maji huku juu?"
Nyumbani mfereji una wiki tatu
haujatema hata kohozi.
Nikamwambia kuna ukuta, kuna mvua, kuna serikali.
Hakuuliza tena.

Chengo akafukua nyungunyungu, akawatia kwenye kopo.
"Mshipi wa baharini hubishana na mkondo," akasema,
"wa bwawani hubishana na wewe mwenyewe."
Tukakaa.
Hapakuwa na maji kupwa wala kujaa,
nikawa sijui saa zapita kwa kipimo gani.
Perege wawili, kila mmoja kiganja.
Mdiria alitushinda: watatu, bila chambo.

Isha ilipopita, mshipi wa Mwanashee ukanyooka.
Akavuta, akarudi nyuma, akakalia miiba, akavuta,
akatoka kambare
mwenye masharubu ya karani wa mahakama,
hana gamba hata moja,
akipumua nchi kavu kama asiye na haraka.

Simu ilishika juu ya jiwe moja tu.
Mamake akapiga kutoka Doha.
"Mko wapi?"
"Mlimani."
"Mlimani mwafanya nini?"
"Twavua."
Kimya. Kisha kicheko
ambacho sijakisikia tangu Machi,
kikakatika katikati,
sijui ni salio lake au ni mnara wetu.
Nilibaki juu ya jiwe, simu mkononi.
Chini, taa za Bamburi, moshi mweupe wa kiwanda,
na mbali kabisa winchi za bandari
zimeinama kama zatafuta kitu kilichodondoka.

Hema lilinuka kazi ya Chengo.
Tulipiga chafya usiku kucha,
tukaamka weupe kama mizimu.
Vyura walibishana hadi alfajiri
mithili ya kamati ya harusi,
na Mwanashee, macho wazi gizani:
"Baba, wao hawalipi bili?"

Kulipopambazuka nikalizamisha dumu.
Likabwabwaja, likanywa, likashiba.
Chengo aliniangalia, asiseme neno;
kwake pia mfereji ni pambo la ukutani.
Tukateremka tukipokezana,
samaki kwenye mfuko mwepesi,
maji yakitukata vidole.

Nyanyake akamsugua kambare chumvi, ndimu, pilipili,
"kumfundisha bahari," alisema.
Akala kimya. Akafyonza kichwa. Akalamba vidole.
"Bado ni mboga."

Mwanashee hakuwa mezani.
Nilimkuta uani amechuchumaa,
mfereji ameufungua hadi mwisho,
sikio mdomoni mwa bomba.
"Hayaji," nikamwambia.
"Najua. Lakini vyura nawasikia."
Nikaufunga.
Nilipogeuka, akaufungua tena.